Mke wangu ndiye anayetafuta, mimi ndiye ninayelea: uanaume wangu upimwe kwa kipimo gani?

Kalamu Mkononi anauliza:

Nawasalimu nyote. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa miaka kadhaa bila kuandika neno, na huenda ningeendelea kunyamaza kama si jambo dogo lililonipata wiki iliyopita. Nilikwenda kumwandikisha binti yetu wa miaka minne katika shule ya awali, nikakabidhiwa fomu ya kurasa mbili. Niliijaza vizuri, majina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, mpaka nilipofika kwenye mstari uliosema “Kazi ya baba”. Hapo kalamu ilikwama. Nyuma yangu walikuwapo wazazi wengine wakiisubiri meza ile ile, na karani alikwisha kuinua macho mara mbili. Mwishowe niliandika “mhasibu”, kazi niliyoiacha, au niseme iliyoniacha, miezi kumi na minne iliyopita.

Maelezo yangu ni mafupi. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikawa miongoni mwao, wakati ambapo mke wangu alikuwa amepandishwa cheo na mtoto wetu wa pili alikuwa njiani. Tulikaa na karatasi, tukapiga hesabu, tukaona kwamba mshahara wake unatosha kuiendesha nyumba, na kwamba hata nikipata kazi yoyote ya haraka, sehemu kubwa ya kipato changu ingeishia kwa mtu wa kutulelea watoto. Tukakubaliana nibaki nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Kazi zenyewe hazinisumbui: nafua, napika, nabadilisha nepi, na mvulana wetu wa miezi tisa akiugua usiku, ni mimi anayenitafuta kwa mikono gizani.

Kinachonisumbua ni mambo mengine. Kila ninapohitaji viatu vipya au nauli ya kwenda kumwona mzazi wangu, najikuta nikieleza sababu ambazo hakuna aliyeniuliza. Mke wangu hutoa pesa bila kusita, lakini mimi husimama mbele yake kama mshitakiwa. Katika kliniki ya watoto, mhudumu alinitazama, akamtazama mtoto, akauliza, “Mama yake yuko wapi?” kana kwamba nimemwokota njiani. Na mtu wa karibu sana katika ukoo alisema, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kwamba mimi “nimeolewa”. Mnaijua lugha yetu: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kitenzi hicho kikishageuzwa, hukumu imekwisha kutolewa.

Swali langu ni hili. Je, ni mimi tu niliyeshindwa kwenda na wakati, au kuna kitu halisi ninachokipoteza? Na kama utafutaji si wangu tena, kinachobaki ni nini ambacho mtu anaweza kukiita uanaume bila kujidanganya? Naomba sana msinijibu kwa kunifariji, kwa kuwa faraja nimekwisha kupewa ya kutosha.

---

Mpekuzi wa Kale anajibu:

Ndugu Kalamu, kwa kuwa umekataa faraja, nianze na ile fomu, maana mstari uliokukwamisha una asili yake. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 1851, wanawake waliokuwa wakiendesha nyumba zao wenyewe walitengewa kundi lao katika majedwali ya kazi. Ilipofika sensa ya 1881, wanawake wa namna hiyo hiyo waliwekwa pamoja na watu wasio na kazi. Katika miaka hiyo 30 nguo ziliendelea kufuliwa na watoto waliendelea kuogeshwa. Kilichobadilika ni uamuzi wa makarani kuhusu kipi kiitwe kazi. Uliposimama mbele ya meza ile ukaona huna la kuandika, ulikuwa unasoma uamuzi wao.

Baba anayetoka asubuhi na kurudi jioni na mshahara, ambaye tumezoea kumwona kama baba wa tangu na tangu, si wa kale sana. Kwa sehemu kubwa ya historia, mahali pa kazi na mahali pa kulala palikuwa pamoja: shambani, katika karakana ya mhunzi, kwenye mtambo wa mfumaji wa nguo. Baba alionekana na watoto wake mchana kutwa, mama naye alizalisha mali kama yeye, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya malipo yenye jina lake peke yake. Viwanda ndivyo vilivyomtoa mwanamume nyumbani na kumrudisha akiwa na bahasha, na tangu hapo bahasha ikawa ndiyo yeye. Waajiri wengine hata walilisimamia jambo hilo kwa ukaguzi. Januari 1914 kampuni ya Ford ilipotangaza malipo ya dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa kawaida, sehemu ya fedha hizo ilitegemea mwenendo wa mfanyakazi, na wakaguzi wa kampuni walipiga hodi majumbani kuutazama mwenendo huo. Mwanamume ambaye mkewe alifanya kazi nje ya nyumba angeweza kuikosa sehemu hiyo. Fikiria hilo: kuwa mtafutaji pekee lilikuwa sharti la ajira, nasi wajukuu tumelirithi kama tabia ya maumbile.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu sitaki kukuambia kwamba hukupoteza kitu. Umepoteza, na kuna uchunguzi mmoja wa zamani unaoonyesha vizuri ni kitu gani. Mwaka 1933 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha matokeo yao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo ambacho kilifungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi. Wakiwa dirishani, watafiti walipima mwendo wa wapita njia katika barabara ya kijiji. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake waliwazidi kwa mwendo mara moja na nusu hivi. Wanaume wengi walikuwa wameacha kubeba saa. Walipoombwa kuandika jinsi walivyoitumia siku, walikumbuka saa ya kuamka, ya kula na ya kulala, na kati ya hizo palikuwa na shimo tu. Muda walikuwa nao kuliko wakati mwingine wowote, lakini hata vitabu vya maktaba waliazima vichache kuliko zamani.

Wanawake wa kijiji hicho nao walikuwa wamepoteza ujira uleule wa kiwandani. Tofauti ni kwamba walibaki na watoto wa kulisha, nguo za kutia viraka na nyumba ya kuendesha, hivyo mshahara hawakuwa nao lakini kazi walikuwa nayo. Sasa jiangalie: mtu anayeamshwa gizani na mtoto wa miezi tisa hana shimo katikati ya siku yake. Kwa mwendo, wewe uko upande wa wanawake wa Marienthal. Ulichopoteza ni vitu viwili ambavyo ajira huvitoa pamoja na pesa, navyo ni watu wa nje wanaokutambua kwa jina la kazi yako, na fedha ambayo huna haja ya kuitolea maelezo. Hivyo ni vitu halisi. Sioni kwa nini tuviite uanaume, kwa sababu mwanamke akivikosa huumia vivyo hivyo, isipokuwa yeye kwa muda mrefu aliambiwa kwamba haumii.

---

Mzee Asiyestaafu anajibu:

Mwanangu Kalamu, nimesoma maelezo ya Mpekuzi na nimejifunza, lakini naona vijana mnazungumza juu ya utafutaji kama kwamba ulikuwa majivuno. Mimi nilifanya kazi miaka 38. Niliondoka kabla hakujapambazuka na nilirudi watoto wamekwisha kulala, na sikuwahi hata siku moja kujiona mfalme. Bahasha ile ilikuwa ndiyo lugha yangu. Wanaume wa umri wangu hatukufundishwa kusema “nawapenda”, tulifundishwa kulipa ada kabla ya siku ya mwisho, na aliyelipa alikuwa amesema.

Hata hivyo nitakuwa mkweli, kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Kwa miaka mingi nilijua urefu wa wanangu wakiwa wamelala. Mkubwa alipovunjika mkono, nilimwona akiwa na plasta siku ya tatu, na nikamuuliza mama yake kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba aliniambia siku ileile, nami niliitikia. Sikumbuki kuitikia. Wewe unajua jinsi mwanao anavyokutafuta gizani, na hicho ni kitu ambacho mimi sikukipata na sasa hakinunuliki.

Kwa hiyo sikuambii uone aibu. Nina onyo la aina nyingine. Sisi ndio tuliowaambia binti zetu wasome na wawe na kipato chao, ili siku mume akifa, akiugua au akigeuka, wasibaki mikono mitupu. Ushauri huo ulikuwa mzuri kwao. Kwa nini usikuhusu wewe? Mhasibu akikaa miaka mitano bila kugusa hesabu, sheria za kodi zimebadilika, programu zimebadilika, na waliokuwa chini yake sasa ndio wanaosaili watu. Akiba ya uzeeni nayo imesimama. Kulea lea, lakini usiufunge mlango wa nyuma yako.

---

Mama Pacha anajibu:

Shikamoo mzee, na wewe kaka Kalamu nakusalimu. Nazungumza kutoka upande wa pili: mimi ndiye mwenye mshahara, na mume wangu amekuwa nyumbani tangu tulipojaliwa pacha. Nitaanza na lile neno ulilotupiwa na mtu wa ukoo wako. “Ameolewa” linachoma kwa sababu moja tu, kwamba hali ya kuolewa imekwisha kuhesabiwa kuwa hali ya chini. Kama kuwa mke lingekuwa jambo la heshima kama tunavyohubiriwa siku ya harusi, kumfananisha mwanamume na mke kusingekuwa tusi. Kwa hiyo kila ninapolisikia neno hilo huwa najiuliza ni nani hasa anayetukanwa, maana mimi pia niko chumbani humo.

Baada ya hilo, niseme jambo ambalo wanawake hatupendi kulisema hadharani. Mwaka wa kwanza mume wangu alipokuwa akimvalisha mtoto, nilikuwa nasubiri atoke chumbani kisha namvalisha upya. Nilikuwa napanga upya vyombo alivyovipanga. Wageni wakibisha hodi nilikuwa nakimbilia jikoni, kwa uchovu wote niliorudi nao, ili wasimkute yeye ndiye anayewahudumia. Nilijiambia kwamba nalinda heshima yake. Ilinichukua muda kukiri kwamba nilikuwa nalinda yangu, kwa sababu mwanamke ambaye mumewe anaonekana jikoni naye hupimwa na kukutwa amepungua. Basi Kalamu, usidhani ni wanaume wenzako tu wanaosimama mlangoni na rula.

Mahali tulipogombana kweli ni kwenye neno “kusaidia”. Ndugu wakimsifu, walikuwa wakisema, “Anamsaidia sana mke wake.” Na yeye mwenyewe alilitumia. Lakini anayesaidia huwa anasaidia kazi ya mtu mwingine. Kwa miezi mingi yeye ndiye aliyefanya, ila mimi ndiye niliyekumbuka: dawa ya kikohozi inaisha lini, viatu vya nani vimebana, chanjo inayofuata ni tarehe ngapi, nani alikwaruzana na nani shuleni. Nilikuwa nampigia simu kutoka kazini kumwambia afanye ambacho tayari angekifanya kama kingekuwa kichwani mwake. Siku moja nilichoka, nikayaandika yote niliyokuwa nikiyakumbuka katika daftari, yakajaza kurasa sita, nikampa. Aliyasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake duniani hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, dhidi ya saa 1 na dakika 23 za wanaume. Likasema pia kwamba kwa mwendo wa mabadiliko ulivyokuwa, pengo hilo lingehitaji miaka 210 kuzibika. Takwimu za namna hiyo huhesabu kile kinachoonekana mtu akikifanya. Zile kurasa sita sijui zingeingia wapi.

Mzee wangu, nimekuelewa kuhusu bahasha, na baba yangu alikuwa kama wewe. Lakini sisi watoto hatukuwa tumefundishwa kuisoma lugha hiyo. Tulikuja kuielewa tukiwa watu wazima, wakati yeye hakuwepo tena wa kujibiwa.

Kuhusu pesa, kaka, hilo lina dawa rahisi kuliko mengine yote. Tulifungua akaunti ya nyumba yenye majina mawili, mshahara wangu unaingia humo, na kila mmoja ana kiasi chake cha mwezi ambacho hatolei maelezo, kiasi kilekile kwangu na kwake. Siku ulipopiga hesabu na mkeo mliona kwamba kubaki kwako nyumbani kunaokoa gharama. Hiyo iliyookolewa ni ya nani? Halafu niulize na lingine: mkeo anajua kwamba uliandika “mhasibu”?

---

Maumbile Hayadanganyi anajibu:

Mnazunguka sana. Mwanamume ameumbwa kutoka na kutafuta, mwanamke ameumbwa kulea, na mwili wenyewe unathibitisha. Mnaweza kubadilisha sheria na lugha, lakini homoni hazisomi sheria. Kaka atafute kazi, na hayo maumivu yatakwisha.

---

Sikio la Tatu anajibu:

Ndugu Maumbile, ni vizuri umezitaja homoni, kwa sababu nazo zimepimwa. Katika eneo la Cebu nchini Ufilipino, watafiti waliwafuatilia wanaume 624 kwa takriban miaka minne na nusu, wakapima testosteroni yao, yaani homoni kuu ya kiume, mwanzoni na mwishoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliokuwa na kiwango cha juu mwanzoni ndio walioelekea zaidi kupata mwenzi na mtoto. Walipokwisha kuwa baba, kiwango chao kilishuka kuliko cha wenzao ambao hawakuwa na watoto, na wale waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wale ambao hawakushiriki. Kwa maneno mengine, mwili wa mwanamume una mpangilio wake wa kulea, nao huamka anapolea. Na kama ni mifano ya kale unayoitaka, Waaka wa misitu ya Afrika ya Kati ni wawindaji, na baba wa Kiaka huwa na mtoto mchanga mikononi au karibu naye kiasi cha kumfikia kwa karibu nusu ya siku. Hakuna aliyewaambia kwamba kuwinda na kubeba mtoto haviendi pamoja.

Kalamu, mimi ni mhudumu wa afya, ingawa si wa kliniki uliyokwenda. Lile swali la “Mama yake yuko wapi?” nimelisikia likitoka katika kinywa changu mwenyewe, siku ya foleni ndefu, na baba aliyekuwa mbele yangu alinijibu kwa upole kwamba yuko kazini, kisha akanitajia uzito wa mtoto wa miezi mitatu mfululizo bila kufungua kadi. Sikumwomba radhi siku ile. Nakuomba wewe.

Nina wasiwasi na jambo jingine katika maelezo yako, nalo ni kwamba katika miezi kumi na minne watu wa kwanza kuwaambia ni sisi tusiokujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya kile cha wanawake. Sisemi kwamba uko huko. Nasema kwamba tulilelewa kwa “jikaze” na “mwanamume halii”, halafu tukaambiwa na lugha ileile kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua, na wengi wetu tulishika fundisho la kwanza tu. Huzuni ya wanaume mara nyingi haifiki kwa daktari ikiwa na sura ya huzuni. Hufika ikiwa ni hasira za ghafla, usingizi uliokatika, pombe iliyoongezeka, mgongo usiopona. Ukiona dalili hizo zinakaa wiki baada ya wiki, nenda ukaonane na mtaalamu kabla mtu mwingine hajakupeleka. Na tafuta baba mmoja au wawili wanaolea kama wewe, hata kama mtakuwa mnazungumza mpira tu wakati watoto wanacheza.

---

Mpekuzi wa Kale anaongeza:

Neno moja tu kuhusu aibu, kwa sababu naona Kalamu anaichukulia kama ugonjwa wa mtu binafsi. Mwaka 1974 Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kuigeuza likizo ya uzazi kuwa likizo ya wazazi wote wawili, waigawane watakavyo. Mwanzoni wanaume walichukua chini ya asilimia 1 ya siku hizo. Norway ilifanya tofauti mwaka 1993: ilitenga wiki nne za baba peke yake, na asipozitumia zinapotea kwa familia nzima. Kabla ya hapo hata baba mmoja kati ya ishirini hakuwa akichukua likizo hiyo. Baada ya miaka michache walioichukua walizidi theluthi mbili. Sidhani kama mioyo ya wanaume wa Norway iligeuka ghafla kiasi hicho. Ila baba aliyekaa nyumbani sasa angeweza kumwambia bosi wake, na pia baba yake mzazi, kwamba asipokaa, siku zinapotea. Alipewa sababu ya kusema. Japani nako sheria iliruhusu hadi mwaka mzima, lakini mwaka 2012 waliothubutu hawakufika asilimia 2. Baada ya waajiri kubanwa kisheria wawaeleze baba wapya haki yao, mwaka 2023 walifika kama asilimia 30. Aibu hupungua haraka pale ambapo wengi wanafanya jambo lilelile kwa wakati mmoja. Wewe umetangulia tu bila kundi, na hilo lina gharama yake.

---

Kalamu Mkononi anajibu:

Nawashukuru nyote, pamoja na ndugu Maumbile, kwa sababu bila yeye tusingepata habari za Cebu.

Mama Pacha, swali lako la mwisho lilinikosesha usingizi, hivyo juzi usiku nilimpa mke wangu simu, nikamwachia asome mjadala wote tangu mwanzo. Alisoma kimya. Alipofika kwenye “mhasibu” alirudi juu akasoma tena, kisha akaniambia kwamba ofisini kwao wakimuuliza mume wake anafanya nini, yeye hujibu, “Ana shughuli zake binafsi.” Amekuwa akijibu hivyo tangu mwezi wa pili baada ya mimi kuachishwa. Alikuwa anaogopa kwamba wakijua watanidharau, na alikuwa anaogopa kwamba mimi nikijua anaficha nitadhani ananionea aibu. Tulicheka, ingawa si kicheko kirefu. Kila mmoja alikuwa amejenga uongo wake peke yake, na ulikuwa uongo mmoja.

Akaunti ya majina mawili tutaifungua wiki ijayo. Mzee wangu, onyo lako nimelipokea bila kipingamizi: asubuhi mbili kwa wiki binti atakapokuwa shuleni na mdogo wake amelala, nitarudi kwenye vitabu vya kodi, na kuna mtu mwenye biashara ndogo ambaye aliwahi kuniomba nimtunzie hesabu zake nikakataa kwa kiburi. Kuhusu akiba ya uzeeni bado hatuna jibu. Mke wangu anasema hesabu tuliyoipiga siku ile ilikuwa ya mwaka mmoja, na kwamba tulipaswa kuipiga ya miaka ishirini.

Leo asubuhi nimerudi shuleni kuomba ile fomu nisahihishe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maelezo marefu. Karani aliitoa kwenye jalada, nikakata neno nililoandika, nikaandika juu yake “Nalea watoto, pia mhasibu.” Hakulisoma. Alichotaka ni sehemu iliyo chini zaidi, ya mtu wa kupigiwa simu mtoto akiugua, ambayo siku ile niliijaza namba ya mke wangu tu, ilhali yeye simu yake huzimwa akiwa kwenye mikutano. “Tukipiga asubuhi, nani atapokea?” aliuliza. Nikaandika yangu juu na ya mke wangu chini.

Mama Pacha, kama hutajali: zile kurasa sita za daftari, mlizigawana vipi?